Majibu ya damu ya paka mwenye saratani ya matiti: nilichojifunza kwa Tausi wangu

Pole sana dada yangu. Nimesoma maelezo yako mara mbili. Paka wako ana miaka 11, uvimbe wa pembeni ya chuchu una sentimita 2, bado hajafanyiwa upasuaji, na kwenye karatasi ya damu uwiano wa neutrofili kwa limfosaiti (aina mbili za chembe nyeupe za damu) ni 5. Mtu amekuambia uwiano ukifika hapo paka hana muda, bora aachwe tu apumzike. Nakuomba usiamue lolote kwa namba hiyo peke yake. Mimi nilishika karatasi mbaya kuliko hiyo, na paka wangu akaishi miezi 26 baada ya upasuaji.

Wangu aliitwa Tausi, alikuwa na miaka 12. Jioni moja nilikuwa namkuna tumbo, kidole kikapita juu ya kitu kigumu karibu na chuchu ya tatu upande wa kushoto. Kilikuwa kidogo kama punje ya dengu, kinateleza chini ya ngozi, na nilipokibonyeza hakushtuka. Nikasema ni mambo ya uzee. Wiki sita baadaye kilikuwa sentimita 1.8. Hizo wiki sita zinaniuma mpaka leo, maana kwa paka uvimbe wa matiti si wa kusubiri: katika kila kumi, nane au tisa huwa ni saratani kweli.

Daktari wa kwanza alitoa damu. Neutrofili elfu 10.8, limfosaiti elfu 1.2. Ukigawanya unapata 9. Akaniambia mwili umeshaelemewa, upasuaji utakuwa kumtesa bure. Nilirudi nyumbani nimembeba kifuani, hata kikapu chake nilikisahau.

Jambo ambalo hakuniuliza, nami sikujua kulisema, ni kwamba Tausi alikuwa wiki ya pili anakunywa prednisoloni, dawa ya steroidi, kwa ajili ya muwasho wa ngozi. Daktari wa pili hakuanza na karatasi, alianza na swali: "Anatumia dawa gani sasa hivi?" Nilipomjibu, akanieleza. Dawa za steroidi huzibandua neutrofili kutoka kwenye kuta za mishipa ziingie kwenye mzunguko wa damu, na uboho nao unatoa nyingine zaidi. Wakati huohuo limfosaiti zinashuka. Kwa hiyo uwiano unapanda hata kwa paka asiye na saratani yoyote. Alimpunguzia dozi kidogokidogo (steroidi hazikatwi ghafla) huku akipanga upasuaji, na asubuhi ya siku yenyewe akapima tena: neutrofili elfu 6.6, limfosaiti elfu 2.2. Uwiano 3. Paka ni yuleyule, uvimbe ni uleule.

Hofu nayo inavuruga, ila inaweza kuvuta upande wa pili. Paka aliyeshikwa kwa nguvu mezani, moyo unamdunda, anamwaga adrenalini, na limfosaiti zinaweza kupanda sana pamoja na neutrofili. Hapo uwiano unaonekana mzuri kuliko ulivyo. Sukari inapanda pia, watu wakadhani ana kisukari. Ndiyo maana nakuambia usiogope namba mbaya, lakini pia usiitegemee namba nzuri.

Sasa, je, uwiano huu ni upuuzi? Hapana. Wapo watafiti waliofuatilia paka wenye saratani ya matiti na wakaona kwamba wale waliokuwa na uwiano mkubwa kabla ya upasuaji, kwa jumla, waliishi muda mfupi zaidi. Na sababu inaeleweka: uvimbe mkali unawasha mwili, hasa ukishapasuka na kuwa kidonda chenye maambukizi, na neutrofili zinaitwa kwa wingi. Limfosaiti, ambazo ni sehemu ya askari wanaopambana na saratani, zikiwa chache si dalili njema. Lakini hayo ni ya kundi. Ndani ya kundi hilo wapo wenye uwiano mkubwa walioishi miaka, na wenye uwiano mzuri walioondoka mapema. Huwezi kumchukua paka mmoja ukamsomea tarehe yake ya kufa kwenye mstari mmoja wa karatasi. Kuna pia wanaopima protini kama HER2 na VEGF katika seramu (sehemu ya majimaji ya damu) ya paka hawa. Ni kazi ninayoifuatilia kwa matumaini makubwa, ila bado ni ya utafiti. Si kitu cha kukuamulia leo.

Ukiniuliza damu inafaa nini basi, nitakuambia inafaa sana kujua kama paka anaweza kubeba safari ya matibabu. Angalia figo kwanza, yaani vipimo vya kreatinini na SDMA (kama hiki cha pili kimepimwa) vinavyoonyesha figo zinafanyaje kazi. Paka wa umri huu wengi figo zao zimeanza kuchoka, na doksorubisini, dawa inayotumika mara nyingi kwa saratani hii, inaweza kuzidhuru. Angalia kama ana upungufu wa damu, albumini (protini ya damu) ikoje, ini likoje, na homoni ya tezi ya shingo, T4, kwa sababu ikizidi inamkondesha na kumchosha moyo, nawe ukadhani ni saratani inammaliza. Na ukiona chembe za kugandisha damu zimeandikwa chache mno, uliza kama kuna mtu ameziangalia kwa hadubini. Damu ya paka hushikamana mabonge kwenye kichupa, mashine ikahesabu pungufu.

Kwa swali lako la "ataishi muda gani", kitu chenye uzito mkubwa kuliko uwiano ni ukubwa wa uvimbe. Tangu miaka ya 1980 madaktari wamekuwa wakiona kwamba ukiondolewa ukiwa chini ya sentimita 2, paka wengi hupita miaka mitatu. Kati ya 2 na 3 ni kama miaka miwili. Ukizidi 3, mara nyingi ni miezi sita hivi. Wako yuko mpakani kabisa. Ndiyo maana ningekuwa wewe nisingepoteza hata wiki moja kwa ajili ya kurudia uwiano ili tu niridhike. Ninachotaka ni picha za eksirei za kifua, pande zote mbili na kutoka juu, kisha upasuaji wa kuondoa mstari mzima wa matiti wa upande ule, si kuchomoa kinundu peke yake, na matezi ya limfu yaliyo karibu yapelekwe maabara pamoja na nyama yote iliyotolewa. Ripoti ile itakuambia daraja la ukali, kama seli zimeingia kwenye mishipa ya limfu, na kama kingo za nyama iliyokatwa ni safi, hazina seli za saratani. Ya Tausi ilisema daraja la pili, matezi safi. Nililala usingizi siku hiyo kwa mara ya kwanza.

Na nikueleze mwisho wake, maana unahusu damu pia. Mwezi wa ishirini na tano baada ya upasuaji alipimwa damu, ikatoka safi, uwiano haukufika hata 3. Nilifurahi mno. Wiki tatu baadaye nikaona amelala kwa kujiinua, viwiko vimetanuka, ubavu unapanda na kushuka haraka. Nikahesabu pumzi zake akiwa usingizini: 46 kwa dakika, wakati kawaida hazizidi 30. Eksirei ilionyesha maji kifuani na madoa mapafuni. Huenda mapafu yalikuwa yameshaingiliwa siku ileile damu ilipotoka safi.

Kwa hiyo ukifika kwa daktari, mtajie kila dawa aliyotumia mwezi huu, hata sindano ya muwasho, hata sindano ya homoni ya kuzuia paka jike asiingie kwenye joto la kutaka dume, kwa kuwa hizo za homoni zina uhusiano na saratani hii yenyewe. Muulize uwiano ule ulipimwa akiwa katika hali gani. Muombe eksirei kabla ya siku ya upasuaji. Na anza leo kuhesabu pumzi zake akilala, uandike kwenye daftari, ili ujue kawaida yake ni ngapi kabla hazijabadilika. Ripoti ya nyama ikitoka niandikie, tuisome pamoja mstari kwa mstari.