Kujichunguza matiti: jibu langu kwa dada aliyeuliza, na kwa mume wake

Assalaam alaykum nyote. Dada yetu ameuliza mambo mawili. Kwanza, anataka kujua kama kuna faida yoyote ya mwanamke kujipapasa matiti kila mwezi, kwa kuwa amesoma mahali kwamba watafiti waliona jambo hilo halipunguzi vifo. Pili, anauliza kama ni kweli mume wake naye anapaswa kujichunguza, maana alipomwambia hivyo mume alicheka na kujibu kwamba yeye hana matiti. Nitakuwa mrefu kidogo, kwa sababu maswali hayo yote mawili yamepita ndani ya nyumba yetu hapa Bombo, Uganda, na nitaanza na la pili.

Kaka yangu mkubwa alikuwa askari mstaafu. Mwaka 2014, alipokuwa akijipaka sabuni bafuni, aligusa kitu kigumu chini ya chuchu ya kushoto. Hayo tulikuja kuyajua baadaye kutoka kinywani mwake mwenyewe, kwani wakati ule hakumwambia mtu. Alidhani ni alama ya mkanda wa bunduki alioubeba begani kwa miaka mingi, na kwa kuwa hakikuuma, aliona si ugonjwa. Kidogo kidogo chuchu ilianza kuzama ndani, naye akaacha kuvua shati mbele ya watu, hata katika joto la Januari. Aliyeivumbua siri ni wifi yangu, siku alipokuwa akifua. Aliziona fulana tatu zenye doa la rangi ya chai, dogo, mahali palepale upande wa kushoto. Akazitandika juu ya mkeka moja baada ya nyingine, akaniita nizione, nasi tukatazamana bila kusema neno.

Tulimfikisha Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago, Kampala, mwaka 2016, na ugonjwa ulikuwa umekwisha kuingia kwenye mifupa ya mgongo. Wazee wenzangu watakumbuka kwamba ni mwaka huohuo ambapo mashine ya mionzi ya Mulago, iliyotegemewa na nchi nzima, iliharibika, na mpya haikuanza kazi hadi Januari 2018. Kwa hiyo hata mionzi ya kumpunguzia maumivu hakuipata. Alipewa tibakemikali, yaani dawa kali za kuua saratani, na dawa za kutuliza, akafariki mwaka 2017. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Sasa, ndugu yangu uliyecheka, nakuambia kwa mapenzi: unayo matiti. Kila mwanamume ana kiasi kidogo cha nyama ya titi nyuma ya chuchu, na nyama hiyo inaweza kupata saratani. Ni kweli kwamba jambo hilo si la kawaida, kwani Shirika la Afya Duniani linasema kati ya asilimia 0.5 na 1 ya saratani zote za titi huwapata wanaume. Lakini udogo huo wa nyama una hatari yake, kwa sababu uvimbe hauna safari ndefu kabla ya kufika kwenye ngozi au kwenye msuli wa kifua. Hatari huongezeka kwa mwenye umri mkubwa, kwa mwenye ini lililoharibika, na zaidi kwa mtu ambaye katika ukoo wake kuna waliougua saratani ya titi. Ziko pia sababu nyingine za kifua cha mwanamume kuvimba zisizo saratani kabisa: wavulana wanaobalehe huvimba wakapoa wenyewe, na dawa kadhaa, mojawapo ikiwa efavirenzi, dawa ya virusi vya UKIMWI ambayo wengi wetu huku tumeijua, zinaweza kukuza matiti ya mwanamume. Uvimbe wa namna hiyo mara nyingi ni laini, huzunguka chini ya chuchu, na huweza kuwa pande zote mbili. Ule wa kaka yangu ulikuwa upande mmoja, mgumu kama kokoto, na haukusogea. Hata hivyo, wa kuamua ni daktari, si wewe wala mimi.

Siku moja wodini, muuguzi mmoja mtu mzima alituuliza sisi madada tuliokaa kando ya kitanda kama tulikuwa tunajichunguza. Tulidhani anazungumza tu ili kupitisha muda. Akatueleza kwamba mwanamume anapopata saratani ya titi, mara nyingine kuna kasoro ya kurithi katika vinasaba, hasa kile kinachoitwa BRCA2, na kasoro hiyo inaweza kuwa kwa dada zake, kwa binti zake na kwa wanawe wa kiume pia. Kwa hiyo mwanamume akiuficha uvimbe wake, anawaficha na wanawe habari wanayoihitaji. Nilianza kujichunguza mwezi uleule.

Nakuja kwenye utafiti ulioutaja, dada. Bila shaka ni ule wa Shanghai, ambako wanawake zaidi ya 260,000 wa viwanda vya nguo waligawanywa makundi mawili, kundi moja likafundishwa kujipapasa na jingine halikufundishwa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2002 yalionyesha kwamba idadi ya waliofariki kwa saratani ya titi ilikaribia kulingana katika makundi yote mawili, na kwamba waliofundishwa walikatwa vipande vya nyama kwa ajili ya vivimbe ambavyo havikuwa na madhara mara nyingi zaidi. Sikatai hata neno moja la utafiti huo, na ndiyo maana siku hizi madaktari wengi wanatuhimiza zaidi kuyajua matiti yetu kuliko kufuata utaratibu mgumu kama wa gwaride. Lakini utafiti ule haukuuliza swali letu sisi. Haukumpima mwanamke anayekwenda hospitali wiki ileile dhidi ya yule anayekaa mwaka mzima akijikanda kwa mitishamba. Hapa Uganda, ambapo mashine za kupiga picha ya matiti ni chache na ziko mijini, wagonjwa wengi hufika wakiwa katika hatua ya tatu au ya nne, yaani ugonjwa umekwisha kusonga mbele. Mkono wako hauchukui nafasi ya mashine hiyo, ila kwa wengi wetu ndio wa kwanza kufika.

Mimi nashona kawa kwa nyuzi za rangi, kazi niliyofundishwa na bibi yangu, na mtu wa kazi hiyo vidole vyake huutambua uzi uliokaa vibaya kabla macho hayajauona. Ndivyo ilivyokuwa. Kwa miezi mingi nilipapasa bila kukuta chochote isipokuwa vinundunundu vyangu vya kawaida, ambavyo huongezeka siku za karibu na hedhi kisha hulegea. Mwaka 2019, siku ya nane tangu hedhi ianze, nikiwa nimelala, nilikikuta kitu kipya upande wa juu wa titi la kulia, karibu na kwapa, kama harage lisiloiva chini ya kitambaa. Nilikisukuma, hakikuteleza. Nilijua mara moja kwamba hakikuwapo mwezi uliopita, na ujuzi huo ndio faida yenyewe ya kujichunguza.

Namna ninavyofanya ni hii. Huchagua siku ya saba hadi ya kumi tangu hedhi ianze, kwa kuwa matiti huwa yametulia; aliyekoma hedhi achague tarehe yoyote atakayoikumbuka, na mwanamume vivyo hivyo. Kwanza husimama mbele ya kioo, mikono ikining'inia, kisha nikiwa nimeiinua juu, kisha nikiwa nimeshika kiuno na kukaza kifua, nikitazama kama ngozi imebonyea, imekuwa na vitundu kama ganda la chungwa, au imebadilika rangi, na kama chuchu imezama, ina kidonda, au inatoa majimaji bila kukamuliwa, hasa ya damu. Halafu hulala chali, mkono mmoja chini ya kichwa na mto mdogo chini ya bega, na kwa matumbo ya vidole vitatu vya kati vya mkono wa pili hupapasa kwa miduara midogo, kwanza juujuu, kisha kwa kukandamiza kiasi, kisha kwa nguvu hadi nihisi mbavu. Hupanda na kushuka kwa mistari kutoka kwapani hadi katikati ya kifua, na kutoka mtulinga, yaani mfupa ulio chini ya shingo, hadi chini ya titi. Kwapa usiliruke. Mambo yote hayachukui dakika kumi, na kwa mwanamume hata tano ni nyingi.

Mtu anayeanza hushtuka, kwa kuwa matiti ya kawaida yana vinundu. Miezi miwili au mitatu ya mwanzo ni ya kujifunza tu, na vivimbe vingi vinavyoonekana, hasa kwa wasichana, si saratani.

Yaliyofuata kwangu yalinipa uchungu, nami nayasema ili yasikukute. Katika kliniki niliyokwenda kwanza, waliniambia ni maziwa yaliyoganda, ingawa mwanangu wa mwisho alikuwa na miaka kumi na mmoja, wakanipa dawa za vijidudu. Nilizimaliza, nikarudi, wakanipa nyingine. Mara ya tatu nilikataa, nikapanda taksi asubuhi hadi Wandegeya, nikapanda kilima cha Mulago kwa miguu. Huko nilipigwa picha, kisha wakachukua kipande cha nyama kwa sindano nene na kukipeleka maabara, ambacho ndicho kipimo pekee cha kumaliza ubishi. Ilikuwa hatua ya pili. Titi liliondolewa, nikapata tibakemikali, na baadaye vidonge vya tamoksifeni, vya kuzuia saratani isirudi, kwa miaka mitano. Nywele zimeota, kawa nashona, ila mkono wa kulia huvimba nikibeba ndoo, kwa hiyo nimejifunza kubeba kwa kushoto.

Watoto wa kaka yangu, wa kike na wa kiume, wote wanajichunguza, na kijana wake mkubwa ndiye anayewakumbusha wenzake kwa simu kila tarehe mosi.

Na nikuulize kwa upole, dada: swali lako lina haraka ndani yake. Ikiwa kuna kitu umekwisha kukigusa, usingoje majibu ya wengine hapa. Kesho nenda kituo cha afya kilicho karibu, sema wazi ni upande gani, mahali gani na tangu lini, na uombe barua ya rufaa. Wakikupa vidonge bila kukupapasa, rudi na mtu wa kukusindikiza, na barua uidai tena. Ukifika Mulago na hujui pa kuanzia, niandikie faraghani. Siku zangu za kliniki mimi ni Jumanne, na nitakungoja getini.