Presha ya Mama Haishuki na Dawa Hakosi

SWALI: Mama yangu ana miaka 71, tunaishi naye Kayole. Ana presha na kisukari. Losartani na haidroklorothiazaidi za presha, na metformini ya kisukari, anameza bila kukosa, chumvi tumepunguza, lakini kliniki presha ni ile ile, 165/95. Magoti yakimsumbua hununua diklofenaki duka la dawa. Je, aongezewe dawa ya presha?
Binti, Kayole

JIBU: Pole, dada. Kabla ya kuongeza dawa, itazameni hiyo diklofenaki. Dawa hiyo ya maumivu na ndugu zake, ibuprofeni ikiwemo, huzifanya figo zishikilie chumvi na maji. Presha hupanda na dawa zake hupungua nguvu. Linalotutia hofu zaidi ni mchanganyiko wenyewe. Diklofenaki, losartani na haidroklorothiazaidi, kila moja kwa njia yake, hupunguza msukumo wa damu ndani ya figo. Figo za mzee mwenye kisukari zinaweza kuharibika hivyo bila maumivu yoyote. Mwombeni daktari ampime damu wiki hii: kreatinini, inayoonyesha figo zinavyofanya kazi, na potasiamu, madini ya damuni, hasa kama miguu imevimba au mkojo umepungua.

Diklofenaki aiache. Za presha asiziache. Kwa magoti, kama ini ni zima na uzito umepita kilo 50, parasitamoli ya miligramu 500, vidonge 2 kila baada ya saa 8, visizidi 6 kwa siku. Dawa nyingi za mafua huwa na parasitamoli pia, kwa hiyo someni pakiti. Aketi kitini, anyooshe goti kwa sekunde 5, mara 10 kila mguu, asubuhi na jioni.

Kisha pimeni presha nyumbani kwa siku 7. Akojoe kwanza, akae kimya dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo sakafuni, mkono usiofunikwa na nguo uwe mezani usawa wa moyo. Chai ya majani, kahawa na sigara viwe vimepita nusu saa. Mkanda wa kipimo ulio mdogo kwa mkono mnene hutoa namba ya juu isiyo ya kweli. Pimeni mara 2, dakika 1 katikati, asubuhi kabla ya dawa na jioni. Tupeni namba za siku ya kwanza, tafuteni wastani wa zilizobaki: ukifika 135/85, bado iko juu. Akizunguzwa akisimama, mpimeni amesimama pia. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, daktari ajue kabla hajaongeza chochote.

Ikipita 180/120 pamoja na maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, mdomo kupinda au upande mmoja kulegea, msingoje kliniki, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo.

Siku ya kliniki bebeni dawa zote katika mfuko mmoja, hata za magoti na za mitishamba, kwa sababu za dukani haziandikwi kwenye kadi yake.