Sabufa kubwa au amplifaya na spika mbili?

Ndugu yangu, kwa sebule ya mita 4 kwa 5 na mtu anayependa taarabu na dansi la zamani kama wewe, achana na sabufa. Chukua amplifaya na spika mbili. Sabufa nyingi za bei nafuu zinasukuma besi tu. Udi na fidla vinamezwa, na mwimbaji anasikika kama yumo ndani ya pipa.

Tafadhali usiishike ile namba ya PMPO kwenye boksi, yaani wati nyingi za kutangazia biashara. Haikuambii chochote. Ulizia wati za RMS, yaani nguvu ambayo mashine inaitoa mfululizo. Kwa chumba chako, wati 30 hadi 50 kwa kila spika zinatosha kabisa, kwani hata ukiongeza nguvu mara mbili sauti hupanda desibeli 3 tu, yaani kidogo. Angalia na omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme wa spika: amplifaya ya omu 8 ukiifunga spika za omu 4 inaweza kuchemka.

Pesa nyingi iende kwenye spika. Ukinunua za mtumba, kagua ukingo wa koni (ile sehemu ya spika inayotikisika), maana sponji yake huoza. Na dukani wapigie nyimbo zako mwenyewe, usikubali zao.

Nyumbani weka spika mbali na kona, twita (vispika vidogo vya sauti nyembamba) zikiwa usawa wa masikio yako ukiwa umekaa. Kwa kuwa umesema umeme wa kwenu unapanda na kushuka, nunua stabilaiza, yaani kifaa cha kutuliza umeme, kabla hujawasha chochote.