Wenye kadi wanaongezeka, dawa zinapungua: kituo kinakwama wapi?

SWALI: Mimi ni mjumbe wa kamati ya usimamizi ya kituo cha afya wilayani Tandahimba. Watu wengi wamejiunga na CHF (Mfuko wa Afya ya Jamii), lakini dawa zinaisha kabla mzigo mpya haujafika. Wagonjwa wanaelekezwa duka la dawa na kadi mkononi, na mwaka wa pili hawalipi tena. Je, kituo cha kijijini kinaweza kujiendesha?

JIBU: Kwa fedha za kadi peke yake hakiwezi, na kamati isiahidi hivyo kwenye mkutano wa kijiji. CHF iliyoboreshwa ilipoanza mwaka 2018, kaya ya watu hadi 6 ililipa shilingi 30,000. Hiyo ni 5,000 kwa kila mtu. Kila mmoja akitibiwa mara 3 tu kwa mwaka, kila hudhurio limegharamiwa kwa shilingi 1,667. Kituo kinasimama kwa sababu mishahara inatoka serikalini, fedha za mfuko wa pamoja wa wafadhili wa afya zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo tangu 2017/18, halafu ndipo yanafuata malipo ya papo kwa papo, CHF na NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya).

Kwa hiyo fedha mnayoizungusha wenyewe ni dawa. Fungueni leja ya stoo. Tuseme kapsuli 3,600 za amoksilini zimetoka katika siku 90, lakini siku 30 kati ya hizo stoo ilikuwa tupu. Mfamasia akigawa 3,600 kwa miezi 3 anapata 1,200 kwa mwezi, anaagiza hivyo, na upungufu unajirudia. Matumizi halisi ni ya siku 60: 3,600 gawanya kwa 60, zidisha kwa 30, unapata 1,800. Kosa hili ni la kawaida mno, na linaumiza zaidi pale ambapo kadi mpya zimeongeza wagonjwa. MSD (Bohari ya Dawa ya serikali) ikikosa dawa, chukueni uthibitisho kwamba haipo, kisha mwende kwa mshitiri, yaani msambazaji binafsi aliyeidhinishwa. Msisubiri awamu ijayo.

Msamaha wa malipo nao uandikwe. Mjamzito, mtoto chini ya miaka 5, mzee wa miaka 60 na zaidi asiyejiweza: jina, dawa, kiasi, bei. Dawa ikitoka bila kuandikwa msamaha, leja inaonyesha mzigo umepungua na fedha haipo, na mtoa dawa ndiye anayebaki kujieleza. Bila takwimu hizo kamati haina cha kuonyesha halmashauri wakati wa bajeti.

Kwa madai ya NHIF, mtu mmoja ayapitie kila Ijumaa. Yanayokatwa ni yaleyale: namba ya kadi imekosewa, saini ya mgonjwa haipo, dawa haiendani na ugonjwa ulioandikwa. Ijumaa mgonjwa bado anakumbukwa na kosa linasahihishika. Mwisho wa mwezi hamtampata.

SWALI: Sisi Nachingwea tunahamasisha Machi na watu hawana hela. Tuandikishe lini?

JIBU: Fuateni korosho. Minada huanza Oktoba, kwa hiyo kazi ya uandikishaji iwe Novemba na Desemba, siku ambazo AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) inalipa wakulima. Mkulima anaweza kukubali mchango ukatwe kwenye malipo yake, lakini aweke saini yeye mwenyewe. Makato ya kushtukiza huua mfuko kijiji kizima, kwa miaka. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inabadilisha mfumo wa bima, lakini haibadilishi msimu wa mkulima.

Mwandikishaji afike na simu yenye chaji na apige picha za wanakaya wote palepale. Mtoto aliyeachwa shambani siku hiyo ndiye atakayekataliwa dirishani malaria ikipamba moto wakati wa mvua, ilhali baba yake ameshalipa.