Nina B.Ed na cheti cha TEFL, niingie Thailand na viza ya utalii nikasomeshe?

SWALI: Asalaam aleikum mwalimu. Mimi niko Bamburi, nina digrii ya ualimu, B.Ed, ya Kiingereza na Fasihi, nambari ya TSC, tume ya walimu, ninayo lakini serikali haijaniajiri, nasomesha skuli ya praiveti. Juzi nimemaliza kozi ya TEFL, ile ya kusomesha Kiingereza kwa wageni, ya masaa 120 onlaini. Kuna ajenti hapa mjini ataka laki moja na themanini, ati niingie Thailand na viza ya utalii alafu kazi na viza ya kazi nitabadilishiwa huko huko. Thailand ikikataa atanipeleka Uchina. Cheti changu chatosha? Hio ya kubadilisha viza ni kweli? Na nimwambie hedmasta naacha kazi mwezi huu ama ningoje?

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Wacha nianze na viza manake hapo ndipo penye moto, cheti tutakuja.

Kubadilisha viza ukiwa ndani ya Thailand ni jambo lipo, ajenti hajalibuni. Mtu aliyeingia kama mtalii anaweza kuomba abadilishiwe apewe Non-B, ile viza ya kazi, bora awe bado ana siku 15 au zaidi kwenye ruhusa yake na awe ameshika makaratasi ya mwajiri. Lakini hapo kwa makaratasi ya mwajiri ndipo ajenti anapopita mbio. Maanake ni skuli iwe ishakuajiri, iwe imeandika barua, imetoa nakala za usajili wake na barua za idara ya elimu ya huko, alafu afisa wa uhamiaji atazame aseme ndio au hapana. Sasa kama skuli ipo na yakutaka kweli, kwa nini isikutumie hayo makaratasi leo ukaomba e-visa mtandaoni kupitia ubalozi wa Thailand, uko hapo Nairobi, ukaondoka na Non-B yako mkononi? Mimi kazi yangu ni kupanga makaratasi ya walimu wanaotoka, na swali hili nimewauliza maajenti, jibu lao huwa moja tu, "kule ni rahisi". Rahisi kwake yeye, kwa sababu wewe ukishapanda ndege Moi International yeye pesa yake ishaingia, na skuli ikikosekana utakuwa uko Bangkok unahesabu siku za utalii na nauli ya kurudi huna.

Na usije ukaambiwa anza kusomesha tu wakati twashughulikia. Kufanya kazi bila kibali Thailand ni kosa, faini ni kati ya baht 5,000 na 50,000 na juu yake unarudishwa kwenu. Mwalimu hajifichi mwanangu, asubuhi yuko getini anapokea watoto na picha zake skuli imeziweka kwa ukurasa wake.

Kuna jengine zito zaidi ya faini. Kuanzia 2022 wizara yetu ya mambo ya nje imekuwa ikionya kuhusu kazi za uongo za Thailand, Wakenya wameahidiwa kazi nzuri, wakafika Bangkok, wakatiwa kwa gari wakapelekwa mji wa Mae Sot ulio mpakani karibu kilomita 500 kutoka hapo, wakavushwa mto wakajikuta Myawaddy upande wa Myanmar kwenye makambi ya utapeli wa mtandaoni, pasi zimechukuliwa na kutoka ni kwa kulipa. Mwaka 2025 maelfu ya watu walitolewa huko na Wakenya walikuwemo. Sisemi ajenti wako ni wa hao, simjui. Nasema tu ile safari ya viza ya utalii, skuli haina jina na "utapokelewa eapoti" ndio mlango wenyewe waliopitia. Kwa hivyo muulize jina la skuli na mji, alafu itafute wewe mwenyewe, pata nambari ya ofisi ya skuli usiyopewa na yeye, piga uulize kama wakujua. Na jina la ajenti litazame kwa orodha ya National Employment Authority, NEA, hao ndio wenye orodha ya maajenti waliosajiliwa kupeleka watu nje. Akikwambia leseni yake iko kwa rinyu mwambie basi ikitoka tutaongea.

Njia yenyewe ikienda sawa iko hivi. Unafanya intavyuu kwa video, skuli inakutumia makaratasi, unaomba Non-B ukiwa bado Kenya, unaingia na ruhusa ya siku 90, ndani ya hizo siku skuli inakuombea kibali cha kazi cha wizara ya kazi na ruhusa ya kusomesha ya Khurusapha, hio ni baraza lao la walimu, ndio TSC yao, ukishapata hayo uhamiaji wakuongeza mpaka mwaka mmoja. Baada ya hapo kila siku 90 unaripoti anwani yako. Na ujue ruhusa hio imefungwa na skuli iliyokuombea, ukigombana nao ukaondoka ruhusa inaondoka na kazi, kwa hivyo hamahama ya huku kwetu ya kuruka skuli katikati ya tamu, yaani muhula, usiende nayo.

Sasa cheti. Masaa 120 ndio kiwango ambacho skuli nyingi wanaandika kwa matangazo, kwa hivyo hukupoteza pesa. Ila ujue wanaochagua walimu wanajua tofauti ya vyeti. CELTA ya Cambridge ina masaa hayo hayo 120 lakini ndani yake kuna masaa 6 ya kusimama mbele ya wanafunzi wa kweli, mkufunzi amekaa nyuma anaandika makosa yako, na Trinity CertTESOL pia ina masaa 6 kama hayo. Kozi nyingi za onlaini hazina hio, ni kusoma na kujibu maswali, na mihuri ya "imeidhinishwa kimataifa" isikutishe manake hakuna chombo kimoja duniani kinachosimamia TEFL, mtu anaweza kujiidhinisha mwenyewe. Ukitaka kujua cheti kina uzito angalia kama kiko kwenye rejista ya Ofqual, wasimamizi wa vyeti wa Uingereza, na ni levo ngapi, CELTA iko levo ya 5.

Lakini wewe kitu chako kikubwa si TEFL hata kidogo na nashangaa hukuuliza lolote juu yake. B.Ed na usajili wa TSC! Anayekwenda na digrii ya biashara na TEFL, Khurusapha wanampa ruhusa ya muda ya miaka 2 na kila ikiisha ni kuomba tena na kuna mwisho wake. Mwenye digrii ya ualimu au leseni ya ualimu ya nchi aliyotoka ana njia ya kuomba leseni kamili. Kwa hivyo kwa CV yako juu kabisa iandikwe B.Ed, TSC, TP (mazoezi ya kusomesha) uliyofanya chuoni na miaka uliyosomesha, TEFL iende chini. Kitu utakachoongeza ni mtihani wa Kiingereza. Najua inauma, umesoma kwa Kiingereza tangu stendadi wani na digrii ni ya Kiingereza hicho hicho, lakini pasi ya Kenya haihesabiwi kuwa ya mwenye Kiingereza cha kuzaliwa nacho na skuli Thailand itakuomba TOEIC au IELTS. Matokeo ya IELTS yadumu miaka 2 tu kwa hivyo usifanye leo kama safari ni ya mwaka kesho kutwa.

Uchina kwa pasi yetu ni kugumu zaidi na ajenti anayeitaja kama spea tairi ananitia wasiwasi. Kanuni yao ni mwalimu wa lugha asomeshe lugha yake ya kuzaliwa, awe na digrii, na awe na uzoefu wa miaka 2 isipokuwa amesomea ualimu au ana cheti cha kusomesha lugha. Wewe hayo mengine yote unayo, unaangukia hapo pa kwanza. Wakenya wanaopata vibali halali mara nyingi ni wa hesabu au sayansi kwa Kiingereza kwenye skuli za kimataifa. Na tangu Julai 2021 serikali yao ilipobana tuisheni za nje ya skuli zile senta nyingi za Kiingereza zilizokuwa zachukua kila mtu zimefungwa. Viza ya kazi ni Z, barua ya kibali hutoka kwanza wewe ukiwa nyumbani, na ukifika una siku 30 za kuomba kibali cha kukaa. Ukiambiwa ingia na M ya biashara au X ya mwanafunzi usomeshe, faini ni yuan 5,000 mpaka 20,000 na kesi ikiwa nzito ni kulala ndani siku 5 hadi 15. Korea Kusini hata usipoteze muda, E-2 yao ni ya nchi saba tu, Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, Nyuzilandi na Afrika Kusini.

Ghuba sikukatazi. Watu wetu wa pwani wengi wana jamaa Maskati na Dubai, na jamaa aliyeko kule anaweza kwenda kuitazama skuli kwa macho yake, hio ajenti hawezi kukuuzia. Kule B.Ed ndio wanayoitaka. Kazi iko kwa mihuri, kwa mfano Imarati cheti cha digrii kinapita wizara ya mambo ya nje Nairobi, kisha ubalozi wao Nairobi, kisha wizara ya mambo ya nje kule kule.

Hapa kwa makaratasi ndipo watu wa Mombasa tunapokwama na sio kwa sababu ya pesa, ni majina. Kitambulisho chasema Fatma, KCSE yasema Fatuma, digrii ina majina mawili na pasi ina matatu, Mohamed ya baba ina m moja hapa na mbili kule, na aliyeolewa katia jina la mume kwa kitambulisho peke yake. Huku twaelewana, afisa wa ubalozi haelewi, kwake hao ni watu wawili. Toa vyeti vyote vitandaze kitandani usome herufi kwa herufi. Pasi ndio bwana, vyengine vyote vifuate ilivyoandikwa. Tofauti ya herufi mara nyingi yatosha kiapo kwa wakili, jina lililobadilika kabisa linataka deed poll isajiliwe na itoke kwenye Gazeti Rasmi, na hio si ya wiki moja. Alafu tafadhali usilaminate cheti, muhuri haushiki kwa plastiki, na nimeona watu wanabandua lamineti kwa pasi ya nguo digrii ikatoka na maneno nusu. Cheti cha tabia njema cha DCI, idara ya upelelezi, unaomba eCitizen, unachapisha fomu ya C24, alama za vidole unachukuliwa Huduma Centre, lakini kifanye mwisho mwisho manake wengi wanataka kisichozidi miezi sita.

Ukipata kandarasi usisome mshahara peke yake. Tazama kama ni ya miezi 12 au ni 10, Thailand kuna za 10 na 11 ambazo likizo kubwa unakula akiba yako. Nyumba ni ya nani, tikiti ya kurudi ni ya nani, gharama ya viza na kibali ni ya nani, ukiacha kabla ya muda wakudai nini. Na kabla hujasafiri kandarasi ya kazi ya nje inatakiwa kushuhudiwa na afisa wa leba, iko kwenye Sheria ya Ajira ya 2007 kifungu cha 83, na afisa huyo kazi yake ni kuhakikisha hujadanganywa na umeelewa ulichotia sahihi. Nenda ofisi ya leba hapa Mombasa nayo. Ajenti anayekwambia hio haina haja, muulize kwa nini aogopa afisa aione.

Ungependa pia kuutazama mpango wa Marekani uitwao FLTA ya Fulbright, hata kama si Thailand. Inachukua walimu vijana wa Kiingereza kutoka Kenya wakasomeshe Kiswahili vyuo vikuu vya Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo, kwa viza ya J-1, na haina ajenti wala laki na themanini. Mtoto wa Bamburi aliyesomea Kiingereza na Kiswahili amekinywa na maziwa ya mama, hapo hashindwi na mtu wa Nairobi.

Kazi usiache sasa. Anayelipwa kwa mwezi notisi ya kisheria ni siku 28, kama barua yako ya ajira haijaandika zaidi, kwa hivyo unaitoa viza ikiwa ishatoka na tarehe ya kuanza umeiomba mbele ya hapo. Mwaka wao wa skuli Thailand huanza katikati ya Mei na tamu ya pili ni Novemba, na wanatafuta walimu sana miezi miwili mitatu kabla. Lenga Mei. Likizo ya Desemba uimalizie majina na IELTS, Januari uanze kutuma CV kwa skuli zenyewe, na kwa hedmasta wako sasa hivi omba barua moja tu, ya kuthibitisha miaka uliyosomesha, yenye letahedi na muhuri, hio uiombe mkiwa bado mwapatana.