Maswali ya wasomaji: Kitabu gani cha mitandao ya kompyuta?

Natandaza kebo, nafunga swichi na kuweka Wi-Fi mahotelini. Kazi ya mikono naiweza, lakini mtandao ukiwa mzito sijui nianze kutafuta wapi. Nina uwezo wa kununua kitabu kimoja tu. — Fundi, Mwanza

Usitoe hela kwanza. Kitabu cha Larry Peterson na Bruce Davie, *Computer Networks: A Systems Approach*, kinasomwa bure mtandaoni, hata kwa simu, na ni waandishi wenyewe waliokifungua. Shida yako ya mtandao mzito inazungumzwa zaidi sura ya 5 na ya 6: TCP (kanuni za kusafirisha data kwa uhakika) inavyojua pakiti (kipande cha data) imepotea, na inavyopunguza mwendo njia ikijaa.

Ukitaka cha karatasi, tafuta cha Kurose na Ross, *Computer Networking: A Top-Down Approach*. Hiki kinaanzia juu, kwenye wavuti, barua pepe na DNS (inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya IP), kisha kinashuka hadi kwenye waya. Cha Tanenbaum, *Computer Networks*, kinaanzia chini, na ni kitabu kizuri sana, ila wewe waya unaujua tayari. Sura nzima ya mawimbi na nyaya itakuchosha kabla hujafika unakotaka.

Kitabu chochote kati ya hivi kisomwe kompyuta ikiwa pembeni. Kurose na Ross wametoa mazoezi ya bure ya Wireshark, programu inayoonyesha kila pakiti inayopita kwenye kadi ya mtandao. Nayo ni ya bure. Kwenye Windows ikubalie iweke na Npcap, programu saidizi ya kunasa pakiti; bila hiyo haitanasa kitu. Anza hivi: chagua kadi, anza kunasa, fungua tovuti moja, simamisha, kisha andika tcp kwenye kisanduku cha kuchuja. Utaona SYN, SYN-ACK, ACK, yaani salamu za kufungua mawasiliano. Muda kati ya SYN na jibu lake ndio wa kwenda na kurudi hadi kwenye seva. Salamu zikijibiwa upesi lakini ukurasa unachelewa, acha kulaumu kebo.

Wanaoanza hukwama mahali pale pale. Kioo kikibaki kitupu, kwa kawaida umechagua kadi isiyotumika. DNS isipoonekana, huenda kompyuta ilishahifadhi jibu. Kwenye Windows andika ipconfig /flushdns, ujaribu tena. Katika zoezi la HTTP (lugha ya kivinjari na seva ya wavuti), ukipata 304 badala ya 200, kivinjari kimetumia nakala ya zamani, kwa hiyo futa kashe (nakala zilizohifadhiwa). Na usitegemee kuona pakiti za wageni wote wa hoteli: swichi hupeleka fremu kwenye mlango wa mhusika tu, hadi uiamuru inakili mlango mmoja kwenda mwingine. Kwa mtandao wa watu wengine, omba ruhusa ya mwenyewe kabla ya kunasa chochote.

Mwalimu wetu anafundisha mitandao kwa kitabu cha Forouzan, *Data Communications and Networking*. Kwa muuza vitabu vya mitumba nimeona toleo la nne kwa bei ya chini sana. Nichukue? — Mwanafunzi, Dodoma

Chukua, mradi ujue pa kuruka. Hesabu za Nyquist na Shannon (kikomo cha kasi ya njia), CRC (ya kugundua makosa), dirisha linalosogea (kutuma fremu kadhaa kabla ya kusubiri jibu), fremu ya Ethernet ya baiti 64 hadi 1518: hayo hayajabadilika, na toleo hilo linayaeleza kwa michoro mingi. Sura ya 3, ya 10 na ya 11 zifanyie mazoezi yote. Sura ya 18, ya Frame Relay na ATM (teknolojia za zamani za mitandao ya masafa marefu), ipitie haraka tu, labda mwalimu awe ameipanga kwenye mtihani.

Ukiwa mbele ya kitabu chochote cha mitumba, fungua faharasa mwishoni. Tafuta kanuni mpya za wavuti: TLS 1.3 ya usimbaji (2018), QUIC ya usafirishaji (2021) na HTTP/3 (2022). Visipokuwepo, mambo ya wavuti na usalama yasome kwingine. Kisha angalia anwani za IP: kitabu kinachoishia kwenye daraja A, B na C bila kufundisha mkwaju (alama ya / na namba inayoonyesha ukubwa wa mtandao), mfano /26, kiache hapo hapo. Madaraja hayo yaliwekwa kando na CIDR, yaani mfumo huo wa mkwaju, mwaka 1993. Kinachosifu WEP, usimbaji wa zamani uliokwisha vunjwa, kama ulinzi wa Wi-Fi, kiache pia.

Nataka cheti cha CCNA, cha mitandao kutoka kampuni ya Cisco. Rafiki ananiuzia vitabu vyake viwili. — Msomaji, Mombasa

Tazama namba kwenye jalada. Mtihani ni 200-301; kikiandikwa 200-125 au 100-105, hicho ni cha mtihani uliofungwa mwaka 2020. Vitabu vya Wendell Odom vya kujiandaa na mtihani huo ni juzuu mbili, na toleo la pili ni la 2024. Juzuu moja pekee haitoshi.

Packet Tracer, programu ya Cisco ya kuiga ruta na swichi kwenye kompyuta, ni ya bure na inatosha kwa mazoezi mengi, ingawa baadhi ya amri za ruta halisi hazimo. Hesabu za subneti (vipande vya mtandao mkubwa) zifanye kwa kalamu, kwa sababu kikokotoo hakiruhusiwi chumbani. Jipime: mashine yenye 172.16.41.77/22 iko mtandao gani? Jibu ni 172.16.40.0, anwani ya mwisho 172.16.43.255, na nafasi za mashine ni 1022. Ikikuchukua zaidi ya dakika moja, rudia sura ya subneti kabla ya kulipia mtihani.