Muulize Fundi: Kanisa lenye ncha iliyojisokota

*Shikamoo Fundi. Mimi nauza dagaa hapa soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Dada yangu anayesoma Uingereza amenitumia picha ya kanisa kongwe la mji wa Chesterfield. Juu ya mnara kuna ncha ndefu iliyojisokota kama pembe ya tandala. Nilidhani picha imechezewa, ameapa ni ya kweli. Walijenga hivyo makusudi? Na mbona haianguki?*

Marahaba mwanangu. Dada yako hajakudanganya. Hilo ni kanisa la Mtakatifu Maria na Watakatifu Wote. Mnara wenyewe ni wa mawe na hauna neno. Kilichopinda ni ile ncha ya mbao iliyosimamishwa juu yake miaka ya 1360. Kutoka chini hadi kileleni ni karibu mita 69, na kilele kimehama karibu mita 3 kutoka mahali pake. Hakuna fundi aliyekusudia hivyo.

Walitumia mwaloni. Usicheke, siyo huo wa dagaa. Ni mti mgumu wa Ulaya, ule ambao Biblia yetu inasema Abramu alikaa penye mialoni ya Mamre. Mafundi wa zamani waliuchonga ukiwa mbichi, kwa sababu ukishakauka unaikataa patasi. Kuutumia mbichi si kosa, mradi kenchi zifungwe vizuri kwa mbao za kukingama. Pale mbao hizo zilikuwa chache. Wapo wanaosema mafundi stadi walikuwa wamekufa katika tauni kubwa ya 1348 na 1349, kazi ikabaki kwa wanagenzi.

Mimi sina ubavu wa kuwacheka. Niliwahi kupaua banda la kuku Igoma kwa mkaratusi uliokatwa wiki ileile. Kiangazi kilipoingia kenchi zikajikunja, misumari ikatoka vichwa, na mama mwenye kuku akagoma kunimalizia hela. Alikuwa na haki. Na mimi nilikuwa nimebebesha bati jepesi tu! Wenzangu wa Chesterfield, mbao zao zimevishwa mabati ya risasi, ile metali nzito, tani kama 33. Isitoshe, jua la kule halipiti utosini kama letu, hukaa upande wa kusini. Risasi ya upande huo ikawa inapata moto na kupanuka kuliko ya upande mwingine, na mbao chini yake zikafuata.

Haianguki kwa sababu uzito wake bado unatua ndani ya kitako chake. Nenda kaliangalie Jiwe la Bismarck pale ziwani, lilivyokaa juu ya mawe mengine bila kuporomoka, utanielewa haraka kuliko nikikuchorea. Hata moto wa Desemba 1961, uliokula sehemu ya kanisa pamoja na kinanda cha 1756, haukuifikia.

Wenyeji wana maelezo yao. Wengine husema shetani alikaa juu yake akaizungushia mkia. Wengine, na hawa ni wachokozi, husema iligeuka kumshangaa bibi harusi bikira, nayo itanyooka siku atakapoingia wa pili. Timu yao ya mpira imechukua jina la utani kutoka kwenye ncha hiyohiyo.

Mwambie dada apige picha nyingine akiwa karibu zaidi. Mabati yamelazwa mshazari, hivyo ncha inaonekana kama ina mifereji, kumbe ni pande 8 bapa.